Mimea ya asili ya kufunika ardhi yenye maua chini ya kivuli kizito: nimekosea wapi?

MwanaKivuli ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nyuma ya nyumba ninayoishi kuna mti mkubwa ambao matawi yake yametanda pande zote, na chini yake kuna eneo la takriban mita 6 kwa mita 4 ambalo tangu nihamie hapa limekuwa udongo mtupu. Nimepanda nyasi mara mbili. Mara ya kwanza zilidumu miezi mitatu. Mara ya pili hazikufika hata huko, zilirefuka zikawa nyembamba kama nyuzi, zikalala, zikafa. Mvua kubwa ikinyesha, matone yanayodondoka kutoka kwenye majani huchimba vishimo na kurusha tope ukutani, na jua likirudi uso wa ardhi hukauka ukawa mgumu kama sakafu.

Mwaka jana niliamua kuachana na nyasi na kupanda mimea mifupi inayotambaa na kutoa maua. Nilijiwekea sharti moja, kwamba iwe mimea ya asili ya eneo hili na si ya kuletwa kutoka mbali, kwa kuwa nimechoka kununua kitu kinachopendeza kikiwa kitaluni, halafu kikifika kwangu ama kife ama kigeuke gugu. Nilinunua miche 40, na muuzaji alinihakikishia kwamba ni ya kivulini na ni ya asili. Nikalima eneo lote kwa jembe, nikatia samadi kwa wingi, nikapanda kwa mistari, na kila jioni nikawa ninamwagilia kidogo kidogo. Majani ya mti yanayoanguka huwa ninayafagia kila asubuhi ili mahali paonekane safi.

Kwa wiki sita palipendeza. Baada ya hapo miche iliyo karibu na shina ilianza kunyauka adhuhuri, hata siku iliyofuata jioni niliyoinywesha. Ile ya katikati ilitoa majani mapana ya kijani kibichi, lakini sikuona ua hata moja. Ile ya pembeni kabisa, karibu na mahali ambapo mfereji wa paa humwaga maji, ilioza pale shina linapogusana na udongo. Imebaki miche tisa. Naomba kujua kama kosa ni la mimea niliyouziwa, la kivuli chenyewe au ni langu, na ninaomba majina ya mimea ya asili ambayo kweli hutoa maua mahali kama hapa.

---

Fundi Udongo amejibu:

Ndugu MwanaKivuli, pole kwa hasara, na ahsante kwa kueleza dalili kwa utaratibu, kwani watu wengi huandika tu kwamba "mimea imekufa" na kutuachia kazi ya ramli. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili na kwa maoni yangu huna kivuli kimoja hapo, unavyo vitatu, nawe umeviendesha vyote kwa kanuni moja.

Karibu na shina una kivuli kikavu. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti inayofyonza maji na chakula haiko chini sana kama wengi wanavyodhani. Imetandaa katika sentimita 30 hivi za juu, mahali pale pale unapotaka mche wako mchanga ushike. Juu yake kuna mwavuli wa majani unaozuia manyunyu yasifike chini. Kwa hiyo mche unaonyauka adhuhuri hapo haulalamikii upungufu wa jua. Una kiu, na maji uliyoumwagia jioni yalikwisha kunywewa na mwenye nyumba, yaani mti wenyewe, kabla hapajapambazuka.

Katikati una kivuli cha kawaida chenye udongo ulioneemeka kupita kiasi. Samadi nyingi ina naitrojeni nyingi, na mmea ukipewa naitrojeni nyingi mahali penye mwanga hafifu hujenga majani na kusahau maua. Mimea ya chini ya msitu imezoea chakula cha polepole kinachotokana na majani yanayooza, haikuumbwa kwa karamu. Pembeni, kwenye maji ya paa, una kivuli chenye maji yaliyotuama, na huko kinachoua ni mizizi kukosa hewa na ukungu kushambulia shingo ya mmea.

Kabla ya kununua mche mwingine wowote, fanya vipimo viwili visivyo na gharama. Cha kwanza ni cha makopo. Chukua makopo mawili ya ukubwa mmoja yenye kuta zilizosimama wima, moja uliweke mahali pa wazi, la pili uliweke hatua mbili kutoka kwenye shina, kisha usubiri mvua. Asubuhi pima kina cha maji katika kila kopo kwa rula. Tofauti utakayoiona itakueleza mengi kuliko kibandiko chochote cha kitaluni. Cha pili ni cha mwanga: siku moja isiyo na mawingu, angalia eneo hilo kila baada ya saa moja na uandike kama jua linafika moja kwa moja, linafika kwa madoadoa au halifiki kabisa. Panapopata jua la moja kwa moja chini ya saa tatu kwa siku ni kivuli kizito. Panapopata jua kwa muda wa saa tatu hadi sita kwa siku ni kivuli cha wastani, na hapo orodha ya mimea yenye maua hurefuka sana.

Jambo la mwisho ni hilo la kufagia, na hapa nitasema wazi ingawa najua halitapendwa: acha. Majani yale ndiyo samadi ya mahali hapo, na ndiyo blanketi linalozuia matone kuchimba udongo. Unayaondoa, kisha unanunua mbolea ya kuziba pengo lake.

---

Bustani Njema amejibu:

Mimi ningekushauri usijisumbue na makopo. Panda ile Wedelia inayotambaa, yenye maua ya manjano kama alizeti ndogo. Kwangu ilifunika eneo kubwa kuliko lako kwa msimu mmoja tu, haihitaji mbolea, haiogopi kivuli, na ukikata kipande na kukitupa chini kinaota chenyewe. Nadhani ni ya asili, kwa sababu ninaiona kila mahali, hata kandokando ya mitaro.

---

Mlinzi wa Msitu amejibu:

Bustani Njema, naomba nikupinge kwa heshima, kwa sababu ushauri huo ungempeleka mwenzetu kule kule anakokukimbia. Mmea unaoutaja leo huitwa Sphagneticola trilobata, nao asili yake ni nchi za joto za mabara ya Amerika. Umeenezwa duniani kama pambo na kama mmea wa kuzuia mmomonyoko, na umo katika ile orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotayarishwa na wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN. Kuonekana kila mahali hakuthibitishi uenyeji. Mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba mgeni amejimilikisha. Sifa uliyomsifia, kwamba kipande kilichotupwa huota chenyewe, ndiyo inayomfanya ashindikane kung'olewa.

Kwa MwanaKivuli: neno "asili" lina maana tu likifuatwa na jina la mahali. Mmea huo huo ni mwenyeji huku na ni mvamizi kule. Asystasia gangetica, ambayo baadhi yetu tunaiita mtikini, ni mwenyeji wa Afrika ya kitropiki na wa sehemu za Asia, lakini Australia na katika visiwa kadhaa vya Pasifiki inapigwa vita kama gugu. Tradescantia fluminensis hukaa kwa adabu kwao Amerika Kusini, ilhali huko New Zealand imetanda juu ya sakafu ya misitu na kuzuia miche ya miti isiote. Kwa hiyo sitakupa orodha moja ya kufuata kama dawa. Nitakupa mifano, ili uone kwamba kila upande wa dunia una wake.

Misitu ya Ulaya ina Galium odoratum, yenye maua madogo meupe na majani yaliyopangika kama miale kuzunguka shina, na ina Viola odorata, ambayo harufu yake hukufikia kabla hujaliona ua. Mashariki ya Amerika Kaskazini kuna Tiarella cordifolia, ambayo husimamisha maua yake kama povu juu ya majani, na Phlox stolonifera, inayotambaa kwa mashina yenye kushika mizizi kila yanapogusa ardhi. Kusini-mashariki mwa Australia kuna Viola hederacea, yenye maua ya zambarau na meupe. Afrika Kusini kuna Crassula multicava, ambayo mimi binafsi naiona kuwa bingwa wa kivuli kikavu, kwa sababu majani yake manene huhifadhi maji. Afrika Mashariki ina utajiri ambao wenyewe mara nyingi hatuuoni. Impatiens walleriana, ile yenye maua bapa ya waridi, mekundu au meupe ambayo dunia nzima huipanda kwenye vyungu, ni mwenyeji wa ukanda unaoanzia Kenya hadi Msumbiji. Zile urujuani za vyunguni (African violet) zinazouzwa madirishani katika nchi za baridi zilitoka kwenye miamba yenye kivuli ya milima ya Usambara na maeneo ya jirani. Zilielezwa kisayansi mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia, na siku hizi wanabotania wamezihamishia katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu) ya Streptocarpus.

Hapo nisimame kidogo, kwa sababu mtu akisoma haya anaweza kuchukua kisu na mfuko akaelekea msituni. Tafadhali usifanye hivyo. Spishi kadhaa za kundi hilo la urujuani zimebaki katika vipande vidogo sana vya msitu, na shina moja likichukuliwa linaweza kuwa sehemu kubwa ya jamii iliyobaki mahali hapo. Mimea ya aina hiyo pia haifai kwa udongo wa bustani uliogongwa na mvua; imezoea kushika kwenye nyufa za miamba.

Ninachokushauri ni matembezi. Tafuta kipande cha msitu, kichaka cha kando ya mto au hata uwanja mkongwe wenye miti ambao haujalimwa, karibu na unapoishi, upande ule ule wa mlima na kwa urefu ule ule. Inama uangalie kinachoota chini ya miti, piga picha ya ua, jani na shina, uandike kama ardhi ni kavu au ina unyevu. Halafu linganisha majina na ramani za uenyeji katika hifadhidata ya Plants of the World Online ya bustani ya kifalme ya Kew, ambayo huonyesha kila spishi ni ya wapi na imeingizwa wapi. Muuzaji kusema "ni ya asili" hakutoshi. Mwulize jina kamili la kisayansi, na akishindwa kulitaja, chukulia kwamba hajui.

Usikate tamaa ukiona maua ni madogo. Sakafu ya msitu mnene wa kitropiki hupata asilimia 1 hadi 2 tu ya mwanga unaofika juu ya miti. Mmea unaoweza kulipia ua kwa kipato hicho hauna cha kutapanya, na ndiyo maana wengi wao hutoa maua meupe, ya manjano au ya buluu hafifu, rangi ambazo wadudu huziona hata katika giza la alasiri.

---

Bustani Njema amejibu:

Nimekuelewa, Mlinzi, na nimekwenda kuitazama upya. Imekwisha kuvuka uzio na kuingia kwa jirani. Nitaanza kuing'oa, naomba tu nielezwe namna ya kuitupa.

---

Mlinzi wa Msitu amejibu:

Usiitie kwenye lundo la mboji ikiwa mbichi, na usiitupe mtaroni. Iweke kwenye mifuko myeusi ya plastiki iliyofungwa, iache juani hadi mashina yote yawe makavu yanayovunjika, ndipo uitupe. Rudi pale ulipong'oa kila baada ya wiki tatu au nne, maana vipande vilivyobaki chini vitachipua.

---

MwanaKivuli ameandika:

Nimerudi na majibu, na nawashukuru sana nyote. Mvua ilinyesha usiku wa Alhamisi. Kopo la mahali pa wazi lilikuwa na milimita 18 za maji. Lile la karibu na shina lilikuwa na milimita 4, pamoja na mdudu mmoja. Nilichimba kwa kidole pale iliponyauka miche ya ndani na kukuta kwamba chini ya sentimita mbili za udongo uliolowa kuna vumbi kavu kabisa, lililoshikana na mizizi membamba kama nywele za mahindi. Nakiri kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa ninanywesha uso wa ardhi tu.

Kuhusu mwanga, karibu na shina jua halifiki kabisa isipokuwa madoa machache saa nne asubuhi. Ukingo wa mashariki hupata jua kwa muda wa saa tatu na nusu.

Nilifanya pia matembezi, kwenye kijisitu kilichopo mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Chini ya miti nimeona mimea mitatu inayojirudia. Mmoja hulala chini kisha huinua ncha zake, una maua ya rangi ya krimu yenye umbo la kengele, na mdomo wa chini wa ua una madoa ya zambarau. Wa pili una majani marefu kama ya nyasi pana, maua madogo meupe kwenye kikonyo kirefu, na kikonyo hicho kikiinama huwa na vitoto vidogo vya mmea kwenye ncha. Wa tatu uko kwenye bonde lenye unyevu, una mashina yenye maji mengi, maua ya waridi yaliyo bapa yenye mkia mwembamba uliopinda kwa nyuma, na nilipoligusa tunda lake lilipasuka mkononi likarusha mbegu hadi usoni. Ninakoishi hakuna baridi ya kugandisha. Nimetuma picha kwa Mlinzi wa Msitu.

---

Mlinzi wa Msitu amejibu:

Nimeziona picha, na ziko wazi. Wa kwanza ni Asystasia gangetica. Wa pili ni aina ya Chlorophytum, jenasi ya ule mmea wa vyunguni wenye majani ya mistari; huyu wako ni wa kijani kitupu, kama ilivyo kawaida ya walio porini. Wa tatu ni Impatiens, na kwa umbo la ua na huo mkia mrefu sina shaka kwamba ni walleriana. Wote watatu ni wenyeji wa ukanda wako, na kwa bahati nzuri kila mmoja anakidhi kivuli kimoja kati ya vile vitatu alivyovitaja Fundi Udongo. Chlorophytum ana mizizi minene inayohifadhi maji, basi mweke ndani karibu na shina. Asystasia mweke katikati na kwenye ukingo wa mashariki, na umpunguze kwa mkasi asije akawafunika wengine, maana hata mwenyeji anaweza kuwa na tamaa. Impatiens mweke pale maji ya paa yanapofika, ukishalirekebisha tuta lisituamishe maji.

Tahadhari moja juu ya Impatiens. Kuna ugonjwa wa ukungu unaotanda kama unga mweupe chini ya jani, kisha majani yote huanguka na kuacha mashina uchi. Ulizuka Uingereza mwaka 2003, na baadaye ukaangamiza bustani nyingi za Marekani. Hupenda majani yaliyolowa usiku kucha na miche iliyosongamana. Acha nafasi ya hewa kati ya mche na mche, mwagilia asubuhi kwenye udongo badala ya juu ya majani, na ukiona unga huo ng'oa mche mzima na uuondoe bustanini.

---

Mzee Mboji amejibu:

Wanangu, nimekuwa nikisoma kimya. Majina mmemaliza, naomba niongeze kuhusu mikono, kwa kuwa nimepanda chini ya miti kwa miaka mingi na nimeua mimea mingi kuliko niliyoikuza.

MwanaKivuli, kosa lako kubwa kuliko samadi ni lile jembe. Ulipolima eneo lote ulikata mizizi ya mti, na mti ukijeruhiwa hutoa mizizi mingine mipya na mingi zaidi pale pale palipolegezwa na kurutubishwa. Kwa maneno mengine, uliuandalia mti shamba, na miche yako ikawa mgeni katika shamba hilo. Safari hii usilime. Chukua sepeto ndogo ya mkono, tafuta mfuko wa udongo kati ya mzizi na mzizi, na uchimbe shimo dogo linalotosha mche tu. Ukikutana na mzizi mnene kama kidole gumba au zaidi, sogea. Mistari iliyonyooka isahau kabisa, mti ndio utakaokupangia.

Usidanganyike pia kuleta udongo mpya na kuujaza juu ili upate kina. Mizizi ya mti huvuta hewa kupitia udongo wa juu, na kuifunika kwa tabaka nene ni kuisonga koo. Madhara hayaonekani leo wala mwaka huu, kwa hiyo ukiona matawi ya juu yanakauka hutakumbuka sababu. Mboji iliyooza vizuri, sentimita 2 hivi, inatosha, na juu yake majani makavu ya mti wenyewe hadi sentimita 5. Usiyarundike kwenye gome la shina. Acha nafasi ya kiganja.

Panda mimea michanga. Watu hupenda mche mkubwa wenye maua tayari, lakini mche mkubwa una donge kubwa la mizizi, na donge kubwa linadai shimo kubwa ambalo huwezi kulichimba bila kumjeruhi mwenye nyumba. Vipandikizi vya urefu wa kidole vilivyokwisha kutoa mizizi vinafaa zaidi. Asystasia na Impatiens hukubali kwa urahisi: kata chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, na kwa kawaida wiki mbili hadi tatu zinatosha kuona mizizi. Chlorophytum chukua vile vitoto vya kwenye kikonyo, uvikalishe juu ya udongo bila kuvizika. Kuchukua vitoto vichache na vikonyo vichache kutoka mahali ambapo mmea ni mwingi, kwa idhini ya mwenye eneo, hakudhuru kitu. Kung'oa shina zima kunadhuru.

Sasa hesabu. Ukiacha sentimita 25 kati ya mche na mche, unahitaji miche 16 kwa kila mita 1 ya mraba. Eneo lako lote ni mita 24 za mraba, yaani miche 384, na hiyo ndiyo sababu miche yako 40 ilionekana kama imepotea njia. Usijaribu eneo lote kwa mara moja. Anza na mita 3 za mraba, miche 48, upande wa mashariki ambako mwanga ni mzuri, kisha kila msimu wa mvua uchukue vipandikizi kutoka kwenye hiyo iliyoshika na kusogea ndani. Itakuchukua miaka mitatu, labda minne. Eneo ambalo halijafikiwa lifunike majani makavu tu, wala usilionee haya.

Kuhusu maji, acha mtindo wa kila jioni kidogo kidogo. Lita 1 iliyomwagwa kwenye mita 1 ya mraba ni sawa na milimita 1 ya mvua. Katika msimu wa kwanza, wiki isiyo na mvua mwagilia lita 20 kwa kila mita ya mraba, mara moja kwa wiki au kwa mikupuo miwili, polepole, hadi ukichomeka kijiti kiingie bila kugoma. Ukimaliza na kijiti kikagota kwenye sentimita 3, bado hujamwagilia. Kuanzia mwaka wa pili punguza, na uendelee kutazama kopo lako badala ya kuitazama mvua ya jirani.

---

Fundi Udongo amejibu:

Ninakubaliana na Mzee Mboji kwa yote isipokuwa jambo moja ambalo hakuligusa, nalo ni matawi. Ikiwa matawi ya chini kabisa yako kwenye usawa wa kichwa, kuyaondoa machache huingiza mwanga wa pembeni asubuhi na jioni bila kuharibu kivuli cha mchana, na tofauti katika maua huonekana msimu huo huo. Lakini usiondoe zaidi ya robo ya matawi hai kwa mwaka mmoja, na kata pale tawi linapoungana na shina penye uvimbe, bila kuukata uvimbe wenyewe, kwa kuwa ndio unaofunga jeraha.

---

Mzee Mboji amejibu:

Hilo sina ugomvi nalo, ila apande kwanza, aone mwaka mmoja, ndipo akate. Tawi halirudishwi.

---

MwanaKivuli ameandika:

Nimeyaandika yote kwenye daftari. Swali langu la mwisho ni kuhusu ile miche tisa iliyobaki. Imejitahidi, na sasa nina wasiwasi kwamba si ya asili hata kidogo. Niing'oe kabla ya kuanza upya?

---

Mlinzi wa Msitu amejibu:

Subiri itoe ua hata moja tu, kwa sababu kuitambua kwa jani peke yake ni kubahatisha. Kwa kuwa umeacha samadi, huenda ua hilo lisichelewe. Ikiwa si mwenyeji lakini inakaa mahali pake bila kutambaa wala kumwaga mbegu, iache ishikilie udongo mpaka vipandikizi vyako viifikie. Ikiwa imeanza kutoa mashina yanayotambaa kuelekea kwenye uzio wa jirani, usisubiri itoe ua.

---

MwanaKivuli ameandika:

Nimekwenda kuitazama na tochi sasa hivi. Saba imetulia. Miwili imekwisha kupita chini ya uzio.